Gari Lililolala

Ufundi niliujulia kwenye kabureta. Pale VETA Chang'ombe mwalimu alituambia gari likigoma asubuhi unavuta choki, unapiga selfu, likishika unairudisha choki taratibu kadiri injini inavyopata moto. Mkono wako ndio unaoamua. Nilipofungua kijiwe changu Kinondoni Mkwajuni, chini ya mwarobaini, magari ya choki yalikuwa yameanza kuadimika. Mji ulijaa Toyota za nozeli kutoka Japani, na kazi ya mkono ule ilikuwa imehamia ndani ya kiboksi kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Sisi tunakiita kontroli boksi. Kwa miaka mingi nilikiheshimu kama mkwe anavyoheshimu chumba cha wakwe zake: najua kipo, ila sina langu mle.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kupita mbele yetu mwaka 2016. Julai ya mwaka uliofuata akaja mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, na Mark II iliyokuwa na injini ya 1JZ-GTE, silinda sita, lita mbili na nusu, tena ya tabo. Fundi mwingine alikuwa ameing'oa kontroli boksi ya Toyota na kuweka MegaSquirt, ile waliyoibuni Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo ili mtu aweze kuiunga mwenyewe mezani na kuipangia hesabu kwa kompyuta yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hili likishapata moto ni mshale. Asubuhi ndiyo linaniaibisha. Hapa Dar napiga selfu mpaka majirani wanaamka. Kule nyumbani haliwaki kabisa, vijana wa kiwandani wanalisukuma."

Selfu mbili zilikuwa zimeshaungua. Alikuwa amebadilishiwa plagi, pampu ya mafuta, betri, hata nozeli. Niseme ukweli wa kazi yetu: fundi akikosa jibu, huuza spea. Mimi pia nimeshafanya hivyo, na wateja wale siwezi tena kuwatafuta niwarudishie.

Petroli ikiwa bado matone haiungui vizuri, huungua ikishakuwa mvuke. Injini ikiwa ya baridi, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa na nozeli hugandia kwenye kuta za njia ya hewa, na kinachofika kwenye plagi ni kidogo. Kwa hiyo lazima upulize zaidi, kisha upunguze injini ikianza kupata joto. Baadhi ya Toyota za zamani zilikuwa na nozeli moja ya ziada kwa kazi hiyo tu. Kwenye MegaSquirt hakuna aliyekufanyia hesabu hiyo. Kuna jedwali la nyuzi za joto, na kila nyuzi unaijazia kiasi chake wewe mwenyewe. Fundi aliyenitangulia alilijaza jedwali hilo mchana, Dar es Salaam, injini ikiwa imechemka.

Lilipolala pale kijiweni usiku wa kwanza, nami nililala kwenye kiti cha nyuma. Adhana ilipokwisha nikafungua laptopu yangu ya mtumba, nikawasha swichi bila kupiga selfu, nikasoma. Hewa: nyuzi 21. Maji ya injini: nyuzi 29.

Nikasoma tena. Gari limelala usiku kucha chini ya mti, halijaguswa. Nyuzi nane za ziada limezitoa wapi? Nikazima swichi, nikaenda kunywa chai.

Mchana nilinunua barafu za vifuko kwa mama jirani, nikaazima birika na kipimajoto, nikaifungua sensa ya maji. Sensa ya Toyota hupunguza ukinzani wake joto linapopanda: kwenye nyuzi 20 ni karibu ohm 2,500, kwenye nyuzi 80 ni kama 300 na kitu. MegaSquirt huja ikiwa imepangiwa sensa za General Motors, ambazo kwenye nyuzi 20 zina karibu ohm 3,500, lakini kwenye nyuzi 80 nazo ni 300 na kitu. Umeona mtego ulipo? Injini ikiwa na moto sensa hizo mbili zinasema lugha moja. Kwenye baridi zinaachana. Kila aliyelipima gari lile mchana aliona mambo sawa, na kila asubuhi kiboksi kiliamini hali ya hewa ni nzuri kuliko ilivyo, kikabana petroli.

Nilipima ukinzani kwenye barafu, kwenye maji ya kawaida na kwenye maji yanayochemka, nikakipa kiboksi vipimo hivyo vitatu. Kesho yake hewa na maji vilisoma sawasawa.

Hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo naanza, maana lilishika likazima, nikapiga tena, likazima tena. Na kazi hii ina adha yake: unapata jaribio moja kwa siku. Injini ikishawaka hata dakika tano si ya baridi tena, na ikishindwa kuwaka, plagi zimelowa na kipimo kimeharibika. Unaandika kwenye daftari, unabadilisha hesabu moja tu, unasubiri kesho. Nyumbani waliuliza kama nimehamia kwenye Mark II. Siku ya sita liliwaka kabla sijahesabu mbili.

Mzee akafurahi, ila mimi nilijua safu za chini za jedwali nimezijaza kwa kukisia. Asubuhi ya Julai ya Kinondoni ndiyo baridi yetu, na bado watu wa Mafinga wangetembea nayo vifua wazi. Nikamwambia twende wote. Tukapanda mlima wa Kitonga jioni, na usiku gari likalala nje ya nyumba yake.

Asubuhi: nyuzi 9. Vidole vyangu havikubali kuandika. Mafinga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Baridi inadai petroli zaidi, hewa nyepesi inadai kidogo. Nilikisia kwa kufikiria baridi peke yake. Selfu ikazunguka, harufu ya petroli ikajaa, halikuwaka. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, maana ukikanyaga hivyo wakati wa selfu kiboksi hukata petroli, injini ipumue. Likakohoa, likawaka kwa moshi mweusi. Sasa nikajua kosa liko upande gani. Siku ya pili nilipunguza, likawaka kwa kusitasita. Siku ya tatu mzee mwenyewe alilipiga, amejifunga blanketi, likaitika papo hapo.

"Umebadilisha nini, fundi?"

"Hesabu, mzee."

"Hesabu tu?"

Alinyamaza, akilinganisha na bei ya selfu zake mbili. Akalipa nilichoomba, bila furaha sana, kisha akaongeza mbao sita za paini. Benchi lililopo kijiweni mpaka leo limetokana nazo.

Kwa hiyo, msomaji, kama una gari linalogoma asubuhi, usilipashe moto kwa kulileta Mkwajuni saa nne. Lilete jioni, niachie ufunguo, ulale kwako. Mimi nitalala nalo.