Nyota Nne za Kijana Mmoja



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo lililobisha hodi katika nyumba yetu ya mapadri Jumanne jioni, baada ya Misa. Walikuja watu watatu: kijana mmoja wa parokia yetu, mchumba wake, na shangazi wa binti huyo. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limekwisha kusomwa Dominika mbili, bado moja. Shangazi ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa amepeleka kwa mtazamiaji nyota majina ya wachumba hao wawili pamoja na majina ya mama zao. Akaambiwa kwamba kijana ni Simba, nyota ya moto, na binti ni Samaki, nyota ya maji; kwamba moto na maji havikai pamoja, na kwamba kabla ya mwaka wa tatu kutimia, mmoja wao atazikwa.

“Baba,” akasema, “sisi hatumkatai kijana wa watu. Tunaogopa msiba.”

Hatukucheka, wala hatukukemea, na sababu yake tunaona aibu kuieleza. Miaka kadhaa iliyopita binti mwingine alitujia na habari kama hiyo hiyo. Siku ile tulikuwa na haraka. Tulimwambia kwamba hayo ni mambo ya ushirikina, asali, asiyasikilize; tukapanda gari tukaenda zetu. Uchumba ule ulivunjika. Tangu hapo tumejua kwamba karipio lisilo na hoja si jibu, na kwamba mtu aliyejawa na hofu anastahili kupewa sababu. Basi safari hii tuliomba viti, tukaketi. Tunayowaandikia leo ndiyo tuliyozungumza jioni ile, pamoja na mengine tuliyoyawaza baadaye.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuzitazama nyota si kosa, wala si ujinga. Wazee wetu walikitazama Kilimia wakajua msimu wa kulima umekaribia, na jina lenyewe linasema hivyo. Manahodha wamevuka bahari usiku kwa kufuata nyota. Wavuvi wetu huutazama mwezi wakajua lini maji ya bamvua yatajaa hadi juu, na lini yatakuwa maji mafu. Hiyo ni elimu, kwa maana yeyote anayetilia shaka anaweza kushuka pwani akaona kwa macho yake. Mwezi ukiwa mpevu na maji yasipojaa, mvuvi atakubali kwamba amehesabu vibaya.

Unajimu unadai jambo jingine kabisa. Unadai kwamba mahali lilipokuwa jua, mwezi na sayari wakati mtoto anazaliwa ndipo panapoamua tabia yake, riziki yake, ndoa yake na kifo chake. Dai hilo ni la kale sana. Watu wa Babeli waliigawa njia ya jua angani katika buruji 12, kila moja ikiwa na digrii 30. Wayunani wakayapokea hayo, na katika karne ya 2 baada ya Kristo Ptolemy wa Aleksandria akayapanga katika kitabu. Waarabu nao wakayarithi, na kwa njia yao yakafika pwani yetu: Mapacha, Simba, Mizani, Nge na wenzao. Lakini ukale wa jambo si uthibitisho wake. Inatupasa kuuliza: je, mambo haya yanajua kweli yanachodai kukijua?

Tulimwuliza kijana siku yake ya kuzaliwa. Alijibu, “Tarehe 28 Septemba, Baba. Ndivyo cheti cha shule kinavyosema.” Tukafungua daftari la ubatizo. Mama yake alikuwa amemwambia padri wa wakati ule kwamba mtoto alizaliwa tarehe 26 Oktoba. Alizaliwa nyumbani, kijijini, na hapakuwa na saa ukutani. Ninyi wenyewe mnajua ni wangapi kati yetu walioandikiwa tarehe kwa kukisia tu, ili mtoto aingie darasa la kwanza.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Kwa tarehe ya cheti, kijana ni Mizani. Kwa tarehe ya daftari la ubatizo, ni Nge. Kwa mtazamiaji wa shangazi, aliyejumlisha thamani za herufi za jina lake na la mama yake kisha akaondoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ikabaki namba, ni Simba. Na kama angekwenda kwa wanajimu wa India na ile tarehe ya cheti, wangemwambia ni Mashuke, kwa sababu wao huanza kuhesabu mahali tofauti, na tofauti hiyo siku hizi imefika kama digrii 24. Kijana mmoja, aliyeketi kimya mbele yetu, ana nyota nne. Na tukihesabu kwa jina analoitwa nyumbani badala ya jina la ubatizo, huenda tukapata ya tano. Tulimwuliza shangazi kwa upole ni ipi kati ya hizo itakayomwua mtu. Alinyamaza, kisha akasema kwamba mtaalamu ndiye anayejua.

Hiyo tofauti ya wanajimu wa India ina chanzo chake. Dunia inapozunguka, mhimili wake huyumba polepole kama pia inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua karibu miaka 26,000. Hipparchus, Myunani, aliligundua jambo hili katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Matokeo yake ni kwamba kila baada ya miaka 72 hivi, jua katika siku ile ile ya mwaka huonekana limesogea digrii moja dhidi ya nyota. Mtu aliyezaliwa tarehe 25 Machi husoma gazetini kwamba yeye ni Kondoo. Lakini siku hiyo jua liko mbele ya nyota za Samaki. Wanajimu wa magharibi hujibu kwamba wao huhesabu kwa majira, si kwa nyota zenyewe. Sawa, lakini basi tusiambiwe kwamba nyota zimesema.

Mtu atauliza: “Mbona nikisoma nyota yangu naona ni mimi kabisa?” Swali hili tunalielewa sana. Tulipokuwa seminari ndogo, gazeti likifika tulikuwa tukikimbilia ukurasa wa nyota kabla ya ukurasa wa michezo, na kila mara tulijiona humo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo aliyodai yamemhusu yeye peke yake. Akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyo sahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi ya namna moja, ambayo sehemu kubwa ya maneno yake aliyatoa katika kitabu cha unajimu cha mitaani. Ukimwambia mtu kwamba kwa nje anaonekana imara lakini ndani ana wasiwasi, nani atakataa? Nyota hazikumfahamu mtu. Mtu ndiye aliyejaza nafasi iliyoachwa wazi.

Wanajimu wenyewe pia wamepimwa. Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson wa Marekani. Masharti yalipangwa kwa kushauriana na wanajimu wenye sifa. Kila mmoja alipewa ramani ya nyota za mtu asiyemjua pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja tu likiwa la mtu huyo. Walitazamia kupata angalau nusu. Walipata kama theluthi moja, yaani kiasi kile kile ambacho angepata mtu anayekisia akiwa amefumba macho.

Kabla ya majaribio haya yote, Mtakatifu Augustino alikwisha kulitambua tatizo. Katika ujana wake aliwaamini wanajimu, wala hakuwasikiliza rafiki waliomwonya. Anaeleza katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyoponywa na habari ya Firminus. Baba yake Firminus na rafiki mmoja walipenda unajimu kiasi cha kuandika hata saa za kuzaliwa kwa wanyama wa nyumbani. Firminus alipozaliwa, mjakazi wa rafiki yule alijifungua saa ile ile. Wajumbe waliotumwa kupelekeana habari walikutana katikati ya njia. Nyota zilikuwa moja. Lakini Firminus alikulia katika mali na elimu, na yule mwingine akabaki mtumwa. Kilichowatenganisha hakikuwa mbinguni, kilikuwa nyumbani mwa wenye kumiliki watu.

Wengine husema kwamba ikiwa mwezi unaisukuma bahari, hautashindwa kumgusa mtoto mchanga. Ndugu zetu, mwezi unaivuta bahari kwa sababu bahari ni kubwa kama dunia, na upande ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi kuliko ulio mbali. Kitanda cha mzazi hakina upana huo. Tena bahari inapojaa, hujaa kwa mitumbwi yote ya pwani hiyo. Haimchagui mwenye jina fulani.

Lakini tunaona kwamba kasoro kubwa ya unajimu iko mahali pengine, nayo ni hii: haukubali kushindwa. Tazameni mfano. Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranus. Baadaye wataalamu wa falaki waliona kwamba sayari hiyo haifuati njia waliyoihesabia. Hawakuficha aibu yao. Wakasema: hesabu yetu ina upungufu, pengine kuna kitu kingine kinachoivuta. Mfaransa Le Verrier akahesabu mahali kitu hicho kinapopaswa kuwa, na mwaka 1846 Galle akaielekeza darubini huko kutoka Berlin, akaiona sayari ya Neptune karibu kabisa na mahali palipotajwa. Elimu ilikiri kukosea, ndipo ikaona. Wanajimu nao walikuwa wamechora ramani za watu kwa karne nyingi bila sayari hizo mbili, wala hakuna mmoja wao aliyesema, “Utabiri wetu una pengo, kuna sayari tusiyoijua.” Zilipogunduliwa na wengine, waliziongeza tu kwenye orodha. Na hapa kwetu, utabiri usipotimia, mteja huambiwa kwamba nyota yake imefunikwa na inahitaji kusafishwa, kwa malipo. Maneno yakitimia, nyota ni kweli. Yasipotimia, nyota ni kweli na mteja anadaiwa. Kisichoweza kukosea kamwe hakijui kitu.

Binti alituuliza jambo la mwisho: “Baba, na Mamajusi je? Si waliongozwa na nyota?” Ni swali zuri. Tusome vizuri sura ya 2 ya Injili ya Mathayo. Nyota iliwafikisha Yerusalemu, na huko ikawapasa kuuliza watu na kusomewa maandiko ndipo wapate habari ya Bethlehemu. Haikuwaambia tabia ya Mtoto wala mwisho wake. Kanisa halikosei basi linapotuonya, katika Katekisimu namba 2116, tusitafute maisha yetu katika unajimu: linalinda uhuru wetu pamoja na akili zetu.

Shangazi alikuwa amesikiliza yote hayo bila kubisha. Tulidhani tumemshinda kwa hoja. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe aliolewa bila mtu kutazama nyota, na mumewe alifariki katika mwaka wa tatu wa ndoa. Miaka yote hiyo amekuwa akijiuliza: laiti wangetazama?

Wapendwa, hapo tulifahamu kwamba tulikuwa tumejibu swali la mtazamiaji, lakini la mama huyu tulikuwa hatujalisikia. Hakuwa akiogopa Simba na Samaki. Alikuwa akiubeba msiba uliokosa maelezo, na mtu mmoja alikuwa amempa maelezo. Tulimwambia tulilolijua: kwamba hakuna nyota ambayo ingemwonya, na kwa hiyo hakuna onyo alilolipuuza. Kifo kile hakikuwa kosa lake. Alilia kwa muda mrefu, na mpwa wake akamshika mkono.

Baadaye tuliwauliza wachumba maswali ambayo nyota hazijui kuyauliza: je, mmepima afya zenu? Mnadaiwa na nani, kiasi gani? Mmoja wenu akikasirika hufanya nini? Mama wa kijana atakaa na nani? Waliyajibu mengine, mengine wamekwenda kuyazungumza kwanza.

Tangazo la tatu litasomwa Dominika hii. Ndoa yao ikidumu miaka hamsini, hatutasema tumeushinda unajimu, na ikipatwa na msiba, hatutakubali kwamba nyota zilisema kweli. Ndoa moja haithibitishi jambo lolote kwa upande wowote. Nasi mapadri tujiulize kwa nini mtu mwenye hofu alipata nafasi kwa mtazamiaji kabla ya kuipata kwetu. Kuanzia juma hili, Jumanne na Alhamisi jioni mlango wetu utakuwa wazi baada ya Misa, na viti vitakuwepo.

Tunawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki nyote.