Kisima cha Murakami

Ndugu msomaji, mwandishi wa riwaya ninayempenda kuliko wote ni Mjapani, Haruki Murakami, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1949. Wengi humsifu kwa maajabu yake: mvua ya samaki, paka wanaosema. Mimi nampendea jambo dogo zaidi.

Katika riwaya yake iliyotoka kati ya 1994 na 1995, ambayo kwa Kiingereza huitwa The Wind-Up Bird Chronicle, bwana mmoja, Toru Okada, anapika nyama ya ng'ombe kwa pilipili hoho. Mkewe anakasirika. Kumbe hakipendi kabisa chakula hicho, na kwa miaka sita ya ndoa mumewe hakuwahi kutambua. Baadaye mke huyo anatoweka. Ndipo Okada anapoteremka katika kisima kikavu, anakaa gizani akitafakari, na hatimaye anapenya ukuta wake na kuingia ulimwengu mwingine kumtafuta.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mama watoto alikuwa akishona, kimya. Nilijiuliza: yeye hapendi nini? Sikuwa na jibu, ingawa kazi yangu ya kila siku ni kuwauliza watu maswali. Nikamwuliza. Kwanza alicheka, kisha akanieleza mambo matatu, na moja alikuwa amelivumilia tangu harusi yetu.

Je, ndugu msomaji, wewe ungejibu nini kuhusu mwenzako? Usingoje mpaka ukitafute kisima. Mwulize leo, angali yu karibu nawe.