Mzigo wa Msafiri

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno hili twaliona kuwa kweli kila mara kijana wa mitaa yetu ya Temeke au Kinondoni apatapo nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Jamaa zake wote humletea vitu, na kila mmoja huona kwamba chake ni kidogo tu. Walakini ndege haijui ujamaa. Tiketi nyingi zaruhusu sanduku moja la kilo 23 na mfuko mdogo wa mkononi, hata kama msafiri atakaa huko miaka mingi.

Mwaka jana binti mmoja aliyesoma shuleni kwetu Mbagala alijiandaa kwenda kujifunza uuguzi kwa miaka 3. Wazazi wake wakatuita tuwasaidie kufunga mizigo. Tulipolipeleka sanduku dukani kupimwa kwenye mizani ya nafaka, likawa kilo 34. Basi tukarudi, tukatandika mkeka uani, tukatoa vitu vyote, na kwa kila kimoja tukauliza maswali mawili: Je, huko hakipatikani? Je, akikikosa juma la kwanza ataona shida? Sufuria ikatoka, unga ukatoka, na blanketi, na jozi tatu za viatu. Zikabaki nguo za juma moja, sweta zito, dawa zake, Biblia na kitabu cha nyimbo. Pasi, vyeti vya shule na barua ya chuo tuliviweka katika mfuko wa mkononi, maana sanduku huweza kupotea njiani.

Hapo akafika bibi yake kutoka Mkuranga, amechukua kikapu cha korosho na doti mpya ya kanga. Sote tukanyamaza. Ni nani atakayemwambia mzee kwamba zawadi yake ni nzito? Binti akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bibi. Sanduku limejaa." Bibi akaitikia, akalitazama sanduku, kisha akaomba mkasi. Akaikata doti katikati, akampa mjukuu wake kipande kimoja. "Hiki kitakuwa shuka lako, na taulo, na vazi la kusalia," akasema. "Cha pili kitakungoja kwangu. Korosho tutazila sisi leo." Tukazila pamoja, na hakuna aliyeona kwamba zawadi imekataliwa.

Jambo lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Jioni alikuja jirani na kifurushi kilichoshonwa, akaomba kipelekwe kwa ndugu yake huko ng'ambo. Baba wa binti akamsihi akifungue, kilichomo kionekane. Jirani akakasirika, akasema kwamba anadhaniwa mhalifu, akaenda zake na kifurushi chake. Hata leo haisalimu nyumba ile. Sisi hatumshtaki kwa neno lolote. Lakini kwenye forodha mtu huulizwa juu ya kila kilichomo sandukuni mwake, na ni vigumu kuaminiwa asemapo, "Nilipewa." Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya yaweza kumfunga mchukuzi maisha, na ziko nchi zinazohukumu hata kifo. Ni afadhali hasira ya jirani kuliko machozi ya mama.

Mtume Paulo naye alikuwa msafiri. Katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, twasoma kwamba aliacha joho lake Troa kwa Karpo. Alipokuwa kifungoni aliagiza aletewe joho hilo pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi, akamhimiza Timotheo aje kabla ya wakati wa baridi. Tazameni: mtu aliyezunguka nchi nyingi, alipohesabu mahitaji yake, alitaja nguo moja, vitabu, na rafiki.

Mwalimu Julius Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha Pugu, karibu na mji wetu. Nani leo huuliza alirudi na masanduku mangapi? Aliyojifunza yalimfuata bila mizani.

Basi, wazazi wenzetu, mpimieni mtoto sanduku mapema, wala msingoje usiku wa safari. Asichukue kitu asichokiona kwa macho yake. Tena mwambieni kwamba vilivyobaki nyumbani ni vyake bado. Msafiri mwenye mzigo mwepesi hakutoka kwenu mikono mitupu, ikiwa ameondoka na maombi yenu, na mkono mmoja u wazi wa kushika kazi aliyoiendea.