Kosa Langu la Herufi Mbili

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba mara mbili niandike juu ya kazi niliyoifanya maktabani mwaka 2025, nami mara mbili nimemkwepa, maana kazi yenyewe ilianza kwa fahari ikaishia kwa aibu. Leo nimekubali. Huenda mwenzangu mmoja akaisoma habari hii akaepukana na shimo nililotumbukia mimi.

Kama mjuavyo, kompyuta za maktaba yetu ni za zamani, nazo zilikuwa zikitumia Windows 10. Ilikwisha kutangazwa kwamba tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft wataacha kuitengenezea Windows 10 marekebisho yake ya kawaida. Windows 11 nayo inataka mashine mpya kuliko zetu. Fedha za kununua kompyuta nyingine hapakuwa na fedha hizo, kwa sababu posho na maharage ya wanafunzi hutangulia. Basi mwalimu wetu wa kompyuta akaamua kuweka Ubuntu, ambayo ni Linux isiyolipiwa, katika mashine zile zile.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Kila Ijumaa jioni Mama Mkutubi alizoea kubofya faili moja dogo. Faili hilo lilinakili orodha za vitabu vya juma lile katika flashi, kisha likazifuta katika folda yake, ili juma jipya lianze na folda tupu. Liliandikwa na mwanafunzi mmoja aliyemaliza shule zamani, nalo lilikuwa faili la amri la namna ile inayoishia kwa herufi "bat". Kwa asiyejua, faili la namna hiyo ni kama karatasi ya maagizo aachiwayo mpishi: chemsha maji, tia unga, songa, pakua. Kompyuta husoma mstari baada ya mstari na kutenda bila kuuliza. Maagizo haya yalianza siku za MS-DOS, mwaka 1981, na Windows inayafahamu hata leo. Lakini Linux haiyafahamu. Yenyewe hutumia lugha nyingine ya maagizo iitwayo Bash, iliyotolewa mwaka 1989, nayo ni ya ukoo wa Unix iliyozaliwa Marekani mwaka 1969.

Mwalimu akauliza darasani, "Nani awezaye kuyageuza maagizo haya yawe ya Bash?" Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda.

Nilidhani ni kazi ya kubadilisha maneno tu. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, kama tufanyavyo tukijifunza msamiati. Upande huu nikaandika copy, upande wa pili cp. Penye del nikaweka rm, penye dir nikaweka ls, na penye rem, neno la kutangulizia maelezo, nikaweka alama ya #. Mikwaju iliyolala upande mmoja nikailaza upande wa pili. Kabla ya kengele ya chakula cha jioni nilikuwa nimemaliza, nikajiona fundi.

Mtego wa kwanza ulinikamata mara moja: faili lilikataa kabisa kwenda. Mwalimu akanieleza kwamba Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Moja ni ya kurudisha gari la taipureta mwanzo wa mstari, na nyingine ni ya kusogeza karatasi. Linux hutumia ile ya pili peke yake, nayo ikiikuta ile ya kwanza huiona kama herufi ngeni iliyobandikwa mwishoni mwa neno. Tukaziondoa. Mtego wa pili ulikuwa wa herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows "Vitabu" na "vitabu" ni folda moja. Kwa Linux ni mbili. Hilo nalo nikalitengeneza.

Lakini mitego hiyo miwili ilikuwa na adabu, kwa kuwa ilipiga kelele ili mtu ajue kuna kosa. Ule wa tatu ulinyamaza.

Katika faili la zamani palikuwa na mstari wenye herufi mbili tu: cd. Katika Windows, ukiandika cd peke yake bila jina la folda, kompyuta hukuambia uko katika folda gani. Yule mwandishi wa kwanza aliiweka ili Mama Mkutubi aone kwenye kioo kwamba kazi inafanyika mahali pake. Nami nilijua kwamba cd imo katika Bash pia, kwa hiyo nikaiacha kama ilivyo. Lo! Katika Bash, cd peke yake maana yake ni "rudi nyumbani", yaani ondoka hapa uende katika folda kuu ya mwenye kompyuta. Nayo hurudi kimya kimya. Na mstari uliofuata ulisema: futa orodha zote zilizopo hapa.

Ijumaa ile Mama Mkutubi alibofya, na kioo kikaandika "Kazi imekwisha", maneno niliyoyatia mwenyewe kwa madaha. Akaniambia, "Asante sana, mwanangu." Nikaenda kulala na furaha.

Jumatatu akaja dada mmoja wa kidato cha sita kutiwa sahihi cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kitabu, maana watahiniwa wote hutakiwa kuwa nacho kabla ya mtihani wa mwisho. Mama Mkutubi akatafuta orodha kuu ya vitabu vilivyorudishwa. Haikuwapo. Alikuwa ameiweka katika folda yake kuu, na kutoka huko ndiko rm yangu ilikoifuta. Kilichofutwa kwa rm hakiendi katika pipa la taka kungojea kurudishwa. Nakala iliyobaki katika flashi ilikuwa ya mwisho wa muhula wa pili, nayo ilionyesha kwamba dada yule bado anacho kitabu kimoja cha fizikia. Akasema amekirudisha majuma mawili yaliyopita. Akajibiwa kwa upole kwamba sheria ni sheria: akilete au akilipie shilingi elfu arobaini. Wasomaji, baba yake ni mwendesha boda boda. Machozi yakamlengalenga.

Mimi nilikuwa nimeketi meza ya pili, nikasikia yote. Nilikwisha kuchungulia ile folda ya juma, nikaikuta imejaa orodha ambazo zilipaswa kufutwa, nikafahamu mara moja nilichokifanya. Hapana mwingine aliyejua. Ningeweza kusema kwamba Linux ndiyo mbovu, na wengi wangeniamini. Nakiri kwamba nilikaa kimya mpaka saa ya chakula cha mchana. Lakini posho haikupita kooni. Nikainuka, nikaenda kwa Mwalimu, nikamwambia kila kitu.

Hakunifokea. Aliniuliza, "Ulitafsiri, au ulibadilisha maneno?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Sisi Waganda tukisema okuwa, maana yake ni kumpa mtu kitu. Sasa Mganda asiyejua Kiswahili akusikie ukisema unataka kuwa daktari, si atadhani una zawadi ya kumpa daktari? Neno ni lile lile sikioni, maana ni nyingine. Amri zina mambo hayo hayo. Tazama find. Katika Windows hutafuta maneno ndani ya faili, katika Linux hutafuta faili zenyewe. Neno usilolijua utaliuliza. Neno unalodhani unalijua ndilo litakaloku­danganya."

Tukaenda pamoja kwa Mama Mkutubi nikaomba radhi mbele ya yule dada. Mama akatikisa kichwa, akafungua mtoto wa meza akatoa daftari lililochakaa. Kumbe hakuwahi kuziamini mashine kabisa! Kila kitabu kilichorudishwa aliandika namba yake humo kwa kalamu ya risasi. Namba ya kile cha fizikia ilikuwamo, nacho tukakikuta katika rafu, kimesukumwa nyuma ya vingine. Cheti kikatiwa sahihi. Jioni tatu mfululizo nilikaa maktabani nikiandika upya orodha nzima, Mama akisoma namba nami nikipiga kibodi. Mistari michache daftarini ilikuwa imefifia, tukalazimika kwenda rafuni kuhesabu kitabu kimoja kimoja.

Halafu nikaliandika faili upya, kwa njia nyingine. Kwanza nikaacha kutazama amri. Kando ya kila mstari wa zamani nikaandika kwa Kiswahili kusudi lake: "Ingia folda ya juma." "Nakili." "Onyesha tulipo." "Futa vilivyokwisha kunakiliwa." Ndipo nikatafuta jinsi Bash inavyolitimiza kila kusudi. "Onyesha tulipo" ikawa pwd. Penye kuingia folda nikaongeza agizo kwamba, mlango usipofunguka, kazi yote ikome papo hapo. Badala ya kufuta, orodha huhamishiwa folda nyingine zikakaa huko mwezi mzima. Nikajaribu kwa faili za uongo, na mbele ya kila amri ya hatari nikaweka echo kwanza, ili kompyuta iniambie ingefanya nini kabla ya kuifanya. Orodha kuu nayo sasa hunakiliwa katika flashi.

Faili hilo linafanya kazi mpaka leo. Hata hivyo Mama Mkutubi hajaliacha daftari lake, nami simshauri aliache. Yule dada alifanya mtihani wake pamoja na wenzake.

Basi ndugu zangu, mkipewa maagizo ya mtu mwingine myageuze, msiulize tu neno hili linaitwaje kule. Ulizeni mwenye kuliandika alitaka nini. Na mkikosea, semeni mapema, kabla mwingine hajalipishwa kosa lenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita