Jangwani Pasipo Jangwa

Jangwani, katika jiji la Dar es Salaam, ni mahali ambapo jina na tabia vimekosana. Alisikiaye jina hufikiri mchanga na kiu. Aliyeishi huko hukumbuka maji. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hulikata jiji, na kabla ya kuifikia bahari hujitandaza bondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na kaya nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Baada ya msiba ule lilibaki swali: nani ayajuaye maji? Vichochoro na mitaro mingi ya uswahilini haikuwamo katika ramani yoyote. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea na wakazi mtaa kwa mtaa, Tandale na kwingineko, wakiandika kila mtaro: upana wake, ulipoziba, unakoishia. Na kina cha mafuriko nacho kilipimwa kwa mwili wa aliyeyaona: kifundo, goti, kiuno, kifua. Ni vipimo vya jadi, ndugu wa shibiri na dhiraa, na viliingia katika ramani ya kompyuta bila kupoteza ukweli wake.

Lakini ramani haizibui mtaro. Atupaye taka mtaroni huko juu hazami yeye. Huzama jirani wa chini, ambaye pengine hata hawajuani. Kwa hiyo mafuriko ni suala la ujirani kabla ya kuwa suala la mvua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu wa bondeni angeugeuza msemo huo: usipozibua mtaro, hutabaki na ukuta. Msaragambo wa kabla ya masika, kwa majembe na makoleo, ni kazi isiyopata sifa, maana ikifaulu hakuna kinachotokea: mvua hunyesha, maji hupita, watu hulala.

Na yule aliyehamishwa? Alipata ardhi ya juu, na hilo si dogo. Ila alichokijua kuhusu mto, kwamba maji huanza kuingia kwa mlango gani na watoto wakimbizwe kwa njia ipi, hakina kazi kule alikokwenda, na aliobaki nyuma huenda hawakuwahi kumwuliza. Jirani huulizwa angali jirani.