Weupe wa Mitende ya Draa

Katika bonde la Draa, karibu na Zagora kusini mwa Moroko, tulipita chini ya mitende ambayo mgeni angedhani ina kiu tu, au imekosa mbolea. Wenyeji hawadanganyiki. Hutazama kuti moja: likikauka na kuwa jeupe upande mmoja, ilhali upande wa pili ungali kijani, basi ni bayoud, jina litokanalo na neno la Kiarabu la weupe. Ni kuvu ya udongoni. Huingia kwa mizizi, hupanda hadi moyo wa mti, wala dawa haina. Ilianza kuonekana hapa yapata 1870, na katika miaka 100 iliua mitende zaidi ya milioni 10. Mtende ukifa, kivuli huondoka, na shayiri iliyokuwa chini yake huungua kwa jua.

Medjool, tende tuipangayo kwa fahari kwenye sinia la futari, ni miongoni mwa zinazodhurika upesi. Mwaka 1927 machipukizi 11 yalitolewa Bou Denib, yakapelekwa Marekani. 9 yakaishi, na mashamba ya kule yakatokana nayo.

Hapa bondeni, jirani kumpa jirani chipukizi ni hiba ya tangu jadi. Siku hizi mpokeaji hushukuru, kisha huuliza limeng'olewa shamba gani.