Gesi ya mbabula na galaksi za jirani

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa mvua kubwa hapa Goma, mama yangu mdogo aliingiza mbabula chumbani. Makala yalikuwa yameiva, mekundu, bila moshi hata kidogo, kwa hiyo aliona hakuna hatari. Asubuhi tulivunja mlango. Yeye aliamkia hospitalini. Mtoto wake wa mwisho hakuamka.

Daktari alitutajia gesi iliyomuua: kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Tangu siku hiyo nalichukia jina hilo. Ndiyo maana nilishtuka mpwa wangu, anayesoma fizikia, aliponiambia: «Mjomba, gesi hiyohiyo ndiyo wanaastronomia wanaitafuta ili wajue nyota zitazaliwa wapi.»

Nilimwomba anieleze polepole. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi yenye baridi kali, nyuzi kama 260 chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni molekuli za hidrojeni, atomu mbili zilizoshikana. Kwa kuwa atomu hizo zinafanana kabisa, na baridi ni kali, molekuli hiyo inakaa kimya. Haitoi wimbi ambalo antena zetu zinaweza kulinasa.

Lakini ndani ya mawingu hayo kuna pia kaboni monoksidi kidogo. Katika galaksi yetu ni kama molekuli moja kwa kila 10,000 za hidrojeni. Hiyo haikai kimya: inazunguka, na mzunguko wake unaposhuka ngazi inatoa wimbi la redio la gigahezi 115, lenye urefu wa milimita 2.6. Kwenye kipimo, wimbi hilo linatokea kama mstari mwembamba.

Mwaka 1970, Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliunasa mstari huo kutoka wingu la Orion, kwa antena ya Kitt Peak, Arizona. Mwaka 1975 ulitangazwa kuonekana nje ya galaksi yetu, katika M82 na NGC 253. Galaksi hizo ziko mbali miaka ya nuru zaidi ya milioni 10, na bado zinaitwa jirani! Leo antena 66 za ALMA, huko Chile, kwenye mita kama 5,000 juu ya bahari, zinachora mawingu hayo moja moja. Mstari ukisogea kidogo, wanajua gesi inakimbia kwa kasi gani. Wakipima nguvu yake, wanaizidisha kwa kiwango maalum na kupata uzito wa hidrojeni yote.

«Na kama mstari hauonekani?» nilimuuliza.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema hapo ndipo wengi walikosea. Kuna galaksi ndogo kama Wingu Dogo la Magellan, ambazo vumbi lao ni haba. Mwanga mkali wa nyota unapenya na kuvunja kaboni monoksidi, huku hidrojeni ikibaki salama. Anayetumia kiwango cha galaksi yetu atasema gesi ni kidogo, kumbe ipo tele. Alama ndiyo imepotea, gesi haijapotea.

Nilikumbuka yale makala mekundu. Kwetu, moshi ndio ulikuwa alama. Tulipoona moshi umekwisha, tulidhani na sumu imekwisha. Kumbe makala yanayowaka bila moshi bado yanatoa gesi ileile, na chumba kilichofungwa kinaijaza polepole.

Mama yangu mdogo bado anauliza alikosea wapi. Sasa najua la kumjibu: hakuwa mzembe, aliamini alama isiyotosha, na hata wenye antena kubwa waliwahi kuiamini.

Wakaaji wenzangu, mvua zimerudi. Mbabula ibaki nje, hata kama haitoi moshi.